Tablo ya Ukurasa Mmoja

Mwezi uliopita sisi wazee wa lile shirika lililofungwa zamani tulialikwa kula pamoja katika hoteli moja kando ya ziwa. Nilienda kwa sababu ya samaki, sitaficha. Sambaza wa pale hukaangwa hadi wakakauka vizuri, na mimi sikatai sambaza wa bure. Nilikuwa nimejaza sahani, sijatia hata mmoja mdomoni, Shefu Anselme, mkubwa wetu wa kazi enzi zile, alipoinuka kusema maneno mawili matatu. Amenenepa, nywele amezipaka rangi nyeusi ya viatu, na bado ana ile tabia ya kushika kifungo cha koti kabla ya kujisifu. Aliwageukia vijana wanaofanya kazi katika mashirika ya siku hizi, akawaambia kwamba kuna kitu kimoja anachojivunia kuliko vyote: wakati wa vita, Goma imejaa watu waliokimbia vijiji vyao, yeye aliweza kuiweka kambi nzima ya Mugunga katika ukurasa mmoja. "Page moja!" alisema, kidole juu. "Bloc zote, batu bote, maji yote. Na tableau haikukatika!" Vijana wakapiga makofi. Mimi nikasukuma sahani. Huzuni nimeizoea, na mtu mwenye huzuni bado anakula. Hiki kilikuwa kinyaa, kinyaa cha kweli, kama umeuma nyama ukakuta funza ndani. Mwenzangu aliyekaa kando aliniuliza kama samaki wameharibika, nikamwambia samaki hawana neno.

Mwaka huo anaoujivunia ndio mwaka nilioingia kazini. Nilikuwa msichana wa kupanga chumba mtaa wa Mapendo, chumba chenye mlango wa bati na kitanda kilichokula nusu ya nafasi, na nilipata kazi ambayo mama mwenye nyumba hakuwahi kuielewa hata nilipomweleza mara nyingi. Kazi yangu ilikuwa kupanga kurasa. Wenzetu wa kambini walileta taarifa zao, wengine kwa mkono, wengine kwenye kompyuta; sisi tulizigeuza kuwa raporo, yaani ripoti: vichwa mahali pake, namba za kurasa chini, picha zisizoegemea upande, na tablo, yale majedwali ya mistari na visanduku, tablo, tablo. "Kwa hiyo unalipwa juu ya kuchora mistari," alisema mama mwenye nyumba. Nilikasirika, lakini hakuwa mbali na ukweli. Ofisi ilikuwa nyumba kubwa ya tajiri fulani aliyekimbilia Kampala. Sisi wawili wa kurasa tulipewa chumba ambacho zamani watumishi walipigia pasi, kimeshikana na jikoni, ukuta mwembamba kiasi kwamba nilijua saa ya maharage kuchemka. Asubuhi tulianza kwa kufuta meza, maana volkano ilikuwa na siku zake za kukohoa na majivu yaliingia hata dirisha likifungwa. Yalikaa kati ya herufi za kompyuta, ukigusa yanakwaruza. Hadi leo nikisikia kitu kinakwaruza chini ya kidole natamani kunawa.

Aliyenifundisha ni Kasereka, mtu wa Butembo kama mimi, mkubwa wangu kwa umri, mrefu, mwenye kikohozi na maneno makali. Alikuwa ametoka katika sekretariati ya mtaani, yale mabanda ambamo watu wanaandikishiwa barua na wanafunzi kazi zao za mwisho, na alikuwa na chuki moja kubwa: watu wanaosukuma maandishi kwa kubonyeza Enter. "Kanyere, kuya uone huu uchafu," aliniita siku yangu ya kwanza. "Mutu alitaka kuanza page mupya, akapiga Enter mpaka page ikaisha. Kesho shefu ataongeza mustari moja kule juu, na yote itaanguka kama nyumba ya kadi." Alifuta mistari yote mitupu, mmoja baada ya mwingine, uso umekunjamana kama anayeokota kinyesi cha mbuzi sebuleni, kisha akaonyesha jinsi ya kuiambia kompyuta ikate ukurasa hapo na si pengine. Alinifundisha kwamba kichwa cha habari hakiachwi peke yake chini ya ukurasa huku maneno yake yameenda ng'ambo. Alinifundisha kwamba mstari wa tablo haukatwi tumboni. Na juu ya tablo ndefu alikuwa na neno lake alilolirudia kama rozari: "Tableau kuwa murefu si kosa. Unaiacha inapita page ya pili, lakini kichwa yake inarudia kule juu, ili mwenye kusoma asipotee." Nilipenda kazi ile. Nasema hivyo bila haya, hata baada ya yote. Kuna raha kufungua karatasi na kuona kila kitu kimekaa, kama nyumba iliyofagiliwa.

Upande wa pili wa ukuta alikuwa Mama Sifa, mpishi wetu. Alikuwa mama wa milima ya Masisi, ametoka huko wakati risasi zilipokaribia shamba lake, akateremka na binti yake Zawadi mpaka Mugunga, na huko wakapewa hema juu ya mawe meusi ya volkano, katika bloku F. Kila asubuhi alitembea kutoka kambini, au akiwa na bahati akapandishwa na gari letu, kuja kupikia watu ambao kazi yao ilikuwa kuandika habari za kambi yake. Hili halikumshangaza mtu yeyote pale, na mimi pia halikunishangaza mwanzoni. Alipika sombe, majani ya muhogo, ya mawese iliyolala usiku mmoja, maharage mazito, bugali, na siku za wageni samaki wa ziwa na viazi. Sisi wadogo tulikula jikoni kwenye mbao ndefu. Wakubwa walikula saluni, yaani sebuleni. Kabla ya wageni kula, Mama Sifa alipita na beseni na jagi, akawamiminia maji ya uvuguvugu mikononi, mmoja mmoja, kichwa ameinamisha kidogo kama adabu ya kwao inavyotaka. Walikuwa wakiendelea kuzungumza huku wamenyoosha mikono, hawakumtazama.

"Kanyere mutoto yangu," aliniambia siku moja tukichambua mchicha wa lengalenga, "kule kwetu mu bloc F robinets ziko ine. Nzuri, za chuma. Lakini yenye kutoa maji ni moja tu, na ile nayo inalia kama mutu wa pumu. Kama si camion, tungekufa kiu." Kamyo ya maji, lori kubwa, ilikuwa inafika bloku F asubuhi, inajaza tangi la plastiki, watu wanapanga bidon zao, madumu ya manjano. Zawadi alikuwa na mimba kubwa, na mama yake aliitegemea kamyo ile katika kila jambo: kufua, kupika uji, na maji ya siku ya kuzaa. Mumewe Zawadi hakujulikana alipo tangu Masisi. Mama Sifa hakuzungumzia hilo, alizungumzia maji.

Sasa niwaeleze tablo ile, maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nilisukuma sahani. Kila mwezi shirika letu lilipeleka tablo ya kambi katika mkutano wa mashirika ya maji, na kwa tablo hiyo ndipo ilipoamuliwa kamyo ziende bloku gani. Kila bloku ilikuwa na mstari wake: idadi ya watu, vyoo, mabomba, hali. Waliojaza ni vijana wetu wa kambini, watoto wa huku huku, Wahunde, Wanande, waliolelewa vizuri. Na mtu aliyelelewa vizuri huku kwetu hatupi habari mbaya mlangoni. Ukija kwangu kuniambia ng'ombe wamekufa, utakaa kwanza, utaniamkia, utauliza watoto, utasifu hata paa langu, ndipo utasema. Vijana wale waliandika vivyo hivyo. Katika kila kisanduku waliweka kwanza kitu kizuri, wakashuka mstari, wakaweka ubaya chini yake. "Robinets 4," halafu chini: "inayotoa maji 1." "Vyoo 20," halafu chini: "vimejaa 13." Kasereka alilijua hilo na aliliheshimu. Kwa sababu ya adabu ile tablo yetu ilikuwa na visanduku virefu, na ilipita ukurasa mmoja ikaingia wa pili, kichwa chake kikirudia juu kama alivyopenda.

Shefu Anselme hakupenda. Alikuwa ametoka Kinshasa, amevaa vizuri, Kifaransa chake kinateleza, na mwezi ule mgeni mmoja wa wafadhili alikuwa amemwambia, wakila, kwamba raporo zetu ni ndefu. Nililisikia mwenyewe kupitia ukuta, na nikamsikia Shefu akicheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu na mkubwa wake. Alasiri aliingia chumbani kwetu. "Tableau iingie page moja," alisema. Kasereka alimweleza kwamba atageuza ukurasa uwe wa kulala, atapunguza herufi kidogo, lakini kurasa mbili hazikwepeki. "Babailleurs, bale bafadhili, habafungulake page ya pili, Kasereka. Unajua ile? Tableau yenye kukatika ni kama mutu mwenye anakuya mu bureau na pantalon imepasuka nyuma." Akavuta kiti, akakaa mwenyewe mbele ya kompyuta. Kuna amri katika kompyuta inayompa kila mstari wa tablo kimo kimoja kisichobadilika. Hata ukiandika maneno mengi kiasi gani, kisanduku hakikui. Mstari wa kwanza unaonekana, na yanayozidi hayafutwi, yanabaki yamefichwa humo ndani, na mashine ya kuchapa haiyaoni. Shefu aliiweka amri ile kwa tablo nzima. Mistari yote ikawa sawasawa, myembamba, mizuri, na tablo ikaingia ukurasa mmoja na nafasi ikabaki chini kwa nembo. Alijipigia kofi gotini.

Kasereka alichapa karatasi, akaitazama, akaniita dirishani kwenye mwanga. Ubaya wote ulikuwa umekwenda. Bloku baada ya bloku, yalibaki yale maneno ya mlangoni tu: robinets 4, vyoo 20, tangi 1, dawa ipo. Ungedhani Mugunga ni mahali pa kupeleka watoto likizo. Bloku F ilikuwa na mabomba manne, basi, haina shida. Tulienda pamoja ofisini kwa Shefu, mimi nyuma ya Kasereka, na hapa nataka niseme polepole kwa sababu ndicho kinachonichefua zaidi ya yote. Nilidhani hajui. Nilidhani ataona, atapiga paji la uso, atacheka, turudi tukarekebishe. Kasereka aliweka kidole kwenye mstari wa F. "Shefu, hapa chini kulikuwa neno: moja tu ndiyo inatoa maji. Haionekane tena." Shefu alisoma. Alisoma na mstari uliofuata, na mwingine, akashuka hadi chini. Aliona, nakuapieni. Macho yake yalikaa kidogo, kisha yakapata furaha.

"Data iko mule ndani," alisema. "Mwenye anataka, afungue fichier mu kompyuta, atakuta."

"Shefu, bale batasoma karatasi," nilisema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumjibu.

"Mademoiselle, weye uko na kazi ya mise en page, ya kupanga page. Na hii mise en page iko propre, safi kabisa." Akaitia karatasi kwenye folda ya bluu. "Miezi sita tunaandika tu vile kila kitu imeharibika. Leo bataona tumetumika kazi nzuri."

Mkutano uliisifu tablo ile. Shefu alirudi nayo akiwa ameinua kichwa, akatuletea soda. Kasereka hakuinywa, aliimwaga dirishani mbele yake, na Shefu akajifanya anaangalia simu. Wiki iliyofuata kamyo ya bloku F ilihamishiwa bloku nyingine iliyoonekana ina bomba moja, yaani bloku ambayo kijana wetu, Mungu amsamehe, hakuwa na cha kusifia hata kimoja cha kuandika juu, kwa hiyo ubaya wake ndio uliobaki ukionekana.

Mama Sifa alianza kuchelewa. Alikuja na vumbi miguuni, yeye aliyekuwa anapiga magoti kusugua sakafu ya jikoni. Mara ya kwanza alisema kamyo labda imeharibika. Mara ya pili alisema labda barabara ya Sake imefungwa na wanajeshi. Halafu akaacha kubuni sababu. "Camion haiyakuya tena," aliniambia. "Zawadi anashuka ku ziwa na ile tumbo, bidon ku mugongo. Namukataza, anasema: mama, tutakunywa nini? Weye uko unaandika mambo ya Mugunga, Kanyere. Haujui camion imeenda wapi?" Nilimwambia. Nilimwambia kila kitu, tablo, ukurasa, mistari iliyofichwa, na nilipomaliza alikuwa ameshika kisu na kitunguu nusu. "Kwa hiyo tuko na maji ku karatasi," alisema. Siku hiyo kulikuwa na wageni. Kupitia ukuta nilimsikia Shefu akiwaambia kwamba tatizo la kiu Mugunga limekwisha, na sauti nyingine ikijibu kwamba inatia moyo, na katikati ya maneno hayo nikasikia maji yakimiminwa katika beseni. Alikuwa anawanawisha. Mimi nilitoka nje, nikatapika nyuma ya jenereta. Dereva alidhani nina mimba, akaeneza habari, na sikuwa na nguvu za kubishana naye.

Zawadi alijifungua mtoto wa kike pale hemani. Mama Sifa alikuja siku iliyofuata kutuambia, akacheka mdomo wazi, na Kasereka akamnunulia sabuni na kitenge. Haikupita muda mrefu, Zawadi akaanza kuhara yale maji meupe ambayo kila mtu wa Goma anayajua na hapendi kuyataja. Walimpeleka kwenye mahema ya wagonjwa. Mama Sifa aliomba ruhusa kwa Shefu, naye akampa, na akauliza ni nani atakayepika Alhamisi.

Tablo ya mwezi mpya ilipofika mezani, Kasereka hakuuliza mtu. Alifungua, akaondoa ile amri ya kimo, na mistari ikanyooka mbele yetu, kila kisanduku kikashusha mguu wake, na ubaya wote ukatokea mmoja mmoja. Tablo ikapita ukurasa wa kwanza, ikaingia wa pili. Alirudisha kichwa cha tablo juu. Alihakikisha hakuna mstari uliokatwa tumboni, akachapa, akatia kwenye folda ya bluu, na Shefu, ambaye hakuwahi kufungua folda yake hadi awe mbele ya watu, akaenda nayo. Nilimuuliza Kasereka kama haogopi. "Naogopa," alisema, akikohoa. "Lakini nimechoka kunuka."

Kilichotokea mkutanoni nilihadithiwa na dereva. Waliisoma, wakafungua na ukurasa wa pili, kisha mkubwa mmoja akamshukuru Shefu Anselme kwa ujasiri wa kusema ukweli. Naye akashika kifungo cha koti na kupokea shukrani. Kamyo ya bloku F ilirudishwa. Jioni ile ile Kasereka aliitwa ofisini na kuambiwa asirudi, na sababu, iliyoandikwa kabisa na kutiwa sahihi, ilikuwa kutofuata mpangilio wa kurasa ulioidhinishwa. Alikusanya kikombe chake na sweta. Aliniambia nisilie mbele ya watu wale, nikamtii, nikalia Mapendo kitandani. Amekufa miaka mingi sasa, kifua kilimshinda, na pale hotelini hakuna aliyelitaja jina lake.

Kamyo ilifika bloku F siku ya pili baada ya mazishi ya Zawadi. Mama Sifa alijaza bidon, akamwogesha mjukuu wake. Hakurudi jikoni kwetu, na akachukuliwa mpishi mwingine ambaye maharage yake yalikuwa magumu.

Mimi nilipewa kiti cha Kasereka. Nilikikalia, maana kazi nyingine haikuwepo, na kila asubuhi nilikifuta kabla ya kukaa, ingawa hakikuwa na kitu. Mwisho wa mwezi vijana wa kambini walileta namba zao, nikazipanga, nikafika mstari wa F. Mabomba yalikuwa vilevile, na chini yake neno lilelile la bomba moja. Nilitazama idadi ya watu nikitafuta mahali Zawadi alipotoka. Ilikuwa namba ileile ya tablo ile ya ukurasa mmoja, haikupanda wala kushuka, kwa sababu mmoja alikuwa ameingia na mmoja ametoka. Shefu Anselme alichungulia mlangoni, akauliza kama bloku F ina mabadiliko yoyote. Nilimwambia hakuna.